Spika muachieni, ila mchunguzeni akishaizima

Mleta uzi, umeuliza kama umnyang'anye mdogo wako spika, maana tangu aachwe na mchumba anapiga singeli kutwa na mama anasema kijana anaharibika. Nakuomba msiiguse kwanza.

Mwaka 2019 nilikuwa na miaka 22, nimepanga chumba Manzese, baba ametoka kufariki. Msibani sikulia. Mimi ndiye mtoto wa kwanza, nilikuwa nahangaika na turubai, sufuria na nauli za wazee. Niliporudi Dar nikashikwa na wimbo mmoja wa taratibu wa Bongo Fleva. Hedifoni yangu ilikuwa imekufa upande wa kulia, nasikia kwa sikio la kushoto tu. Wimbo ukiisha naurudisha, ukiisha naurudisha, mpaka saa tisa usiku. Kila nikiurudisha namuona baba wodini, ananyoosha mkono anataka maji. Hakuna mzazi angeulalamikia wimbo ule. Una maneno ya adabu, sauti ya chini. Na ndio ulionimaliza, nikakonda, nikawa sipokei simu ya mtu.

Jirani yangu, fundi rangi, Jumapili alikuwa anafua na singeli, ule mwendo wa mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. Nilikuwa nauchukia. Jumapili moja nikatoa beseni langu nikakaa karibu naye. Nikaanza na shuka. Nikasugua, nikasugua, mpaka ngozi ya vidole ikachubuka, mara nikajikuta nalia kwa sauti. Yule bwana hakuniuliza kitu. Aliongeza sauti ya spika ili wapangaji wengine wasinisikie. Sitamsahau. Usiku ule nililala saa nne, nikaamshwa na adhana.

Baadaye nilikutana na kazi za mtafiti wa Finland, Suvi Saarikallio. Mwaka 2007 yeye na mwenzake walieleza jinsi vijana wanavyotumia muziki kujiliwaza, kutoa hasira, kusahau kidogo au kutafakari yaliyowapata. Mwaka 2015 akashiriki kutengeneza dodoso linalomuuliza kijana kama anajificha ndani ya muziki, na kama akiusikiliza ili apate nafuu anaishia kuwa na hali mbaya zaidi. Lingeulizwa kwangu wakati ule, ningejibu ndiyo kote.

Kwa hiyo mwangalie spika ikizimwa. Anakula? Analala? Anatoka na wenzake, au anajifungia? Singeli ya mchana mbele za watu hainitishi. Ningeogopa zaidi akihamia kwenye hedifoni usiku, wimbo uleule. Na akianza kusema amechoka kuishi, hapo msisubiri, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Leo jioni nenda kakae naye. Mwambie akuwekee anaoupenda kuliko zote, na usiseme neno mpaka uishe.