Fankisheni moja, majibu mawili: maswali yenu wana-C wa Tanga

Kaka, natafuta bei ndogo na bei kubwa ya machungwa kwa fankisheni moja. Nimeambiwa fankisheni ya C (lugha ya programu) inarudisha kitu kimoja tu so nitumie pointa (anwani ya memori). Kweli? (Ngamiani)

Kimoja ndio, ila hicho kimoja kinaweza kuwa strakti, yaani fungu la thamani kadhaa, mdogo wangu. Weka long (namba nzima) mbili ndani ya strakti uirudishe yenyewe, kwenye Linux ya biti 64 kwa prosesa za Intel na AMD strakti ya namba nzima isiyozidi baiti 16 inarudi ndani ya RAX na RDX, ambazo ni rejista (nafasi ndogo za haraka ndani ya prosesa), haipiti memori. Ukitumia pointa, kompaila inabidi ikae na variabo yako kwenye steki (sehemu ya memori) ili iwe na anwani, fankisheni iandike kule halafu wewe ukasome tena, labda fankisheni iwe imemezwa na inlaini, yaani kompaila imenakili kodi yake palepale inapoitwa. Watu wanaogopa strakti bure wakidhani ni nzito, mi naipenda hata kwa usomaji maana unaona wazi nini kinaingia na nini kinatoka.

Nimeweka long tatu je? (Muheza)

Hapo umezidi, kwenye Linux hiyo long moja ni baiti 8 so tatu ni baiti 24. Anayeita anatenga nafasi kwenye memori na kupitisha anwani yake kimyakimya kwa rejista ya RDI. Kama namba zako ni ndogo tumia int, tatu ni baiti 12 tu zinaenea.

Na desimali? (Pongwe)

Double (namba za desimali) mbili zinarudi kwenye rejista za desimali, XMM0 na XMM1. Long moja na double moja, RAX na XMM0.

Natumia Windows, na simu yangu ina prosesa ya ARM. Ni yaleyale? (Raskazone)

Hapana, na hili linawapiga wengi chenga. Windows ya biti 64 inarudisha kwa RAX strakti ya baiti 1, 2, 4 au 8 tu, nyingine zote memori. ARM ya biti 64 ni mkarimu, baiti 16 kwa X0 na X1, na strakti ya double tupu hadi nne inarudi kwenye rejista za desimali.

Machungwa 1000 kwa viroba vya 300, nataka viroba na salio kwa pamoja. (Pangani)

Ipo div ndani ya stdlib.h, inarudisha strakti yenye quot (jibu) na rem (salio), yaani 3 na 100. Ila ukiandika / na % jirani, gcc (kompaila) kwa -O2 (kuboresha kasi) inatoa idiv (amri ya prosesa ya kugawa) moja tu kama namba ya kugawia haijulikani mapema, jibu liko EAX na salio EDX. Piga gcc -O2 -S usome mwenyewe faili la .s lenye amri za prosesa, ndio ushahidi wenyewe huo.