Jibu: Vidonge vya kakao badala ya kemotherapi?

Umeuliza kama vidonge vya kakao vinaweza kuchukua nafasi ya kemotherapi kwa saratani ya matiti, kwa kuwa umesoma kwamba "vinaua seli za saratani". Haviwezi.

Habari hiyo ina chanzo cha kweli. Mwaka 2005 watafiti wa Georgetown, Marekani, walichukua prosianidini ya kakao, molekuli tano za flavanoli (kemikali asilia za kakao) zilizoungana, ikazuia seli za saratani ya matiti kukua. Lakini ni ndani ya sahani ya maabara, dawa ikimwagwa juu ya seli moja kwa moja! Ukiimeza, molekuli kubwa hivyo haipenyi vizuri ukuta wa utumbo; nyingi huishia kukatwakatwa na bakteria wa utumbo mpana. Kinachoingia kwenye damu kwa urahisi ni epikatekini, flavanoli ndogo ya molekuli moja, nayo hufika kilele baada ya saa mbili hivi, kisha hushuka haraka.

Jaribio la COSMOS, utafiti wa Marekani wa vidonge vya kakao, lilishirikisha watu zaidi ya 21,000. Nusu walipewa miligramu 500 za flavanoli za kakao kila siku. Baada ya miaka 3.6 hivi, saratani haikupungua. Na hapo walipima kinga dhidi ya saratani, si tiba yake.

Kikombe cha kakao kama kinywaji, sawa. (Poda nyeusi sana mara nyingi imetiwa alkali, na flavanoli nyingi zimepotea.) Vidonge vyenye dozi kubwa ndivyo vya kuangalia: mpelekee daktari wa saratani kopo lenyewe, asome miligramu, kabla ya dozi inayofuata.