Maswali na majibu: Babu alizaliwa Frere Town, kompyuta yasema Kisauni

SWALI: Naandika ukoo wetu kwa programu ya Gramps na watu wameshapita mia tatu. Babu alizaliwa 1908. Daftari la ubatizo limeandika "Frere Town, Seyidie" (Seyidie ndio mkoa wa pwani wa enzi hizo). Nyanya, upande wa mama, alizaliwa Kismayu 1919. Nilipopakia faili kwenye programu nyingine ya mtandaoni, ikataka kugeuza Frere Town iwe "Kisauni, Kaunti ya Mombasa, Kenya", na Kismayu iwe Somalia. Kijana wa saiba aniambia kwa shilingi elfu mbili ataisafisha miji yote kwa mpigo mmoja. Nimwachie? (Msomaji, Kongowea)

JIBU: Usimwachie, na hizo elfu mbili zikae mfukoni mwako.

Mahali huandikwa kama palivyokuwa siku ya tukio. Babu ni "Frere Town, Mombasa, Seyidie, Himaya ya Afrika Mashariki". Nyanya ni "Kismayu, Jubaland, Himaya ya Afrika Mashariki". Mwaka 1908 hapakuwa na nchi iitwayo Kenya; jina hilo lilikuja 1920, bara ikawa koloni na ukanda wa pwani, uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar, ukabaki himaya, yaani nchi iliyo chini ya ulinzi wa Waingereza. Kismayu nayo ilikuwa mikononi mwa Waingereza mpaka 1925, Jubaland ilipokabidhiwa Italia. Ukiandika Somalia kwa mtu wa 1919, atakayekuja kutafuta karatasi zake ataanza kupekua nyaraka za Waitaliano, ilhali mwaka huo waliokuwa wakiandika ni Waingereza.

Ama hilo la Kisauni, ni kosa mara mbili. Frere Town ilianzishwa na wamisionari wa CMS (Church Missionary Society, shirika la Kianglikana) mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Jina hilo likionekana kwenye rekodi ya 1908, lamwambia mtafiti aende kanisa gani, afungue madaftari ya nani, na hata aulize kama wazee wa babu waliletwa pwani kutoka mbali. Andika Kisauni na yote hayo yamefutika. Tena hata kwa ramani ya leo programu yako imebahatisha: wadi ya Frere Town iko eneo bunge la Nyali, lililokatwa kutoka Kisauni kwa uchaguzi wa 2013. Ukishaanza kufukuza majina ya leo, utayafukuza kila mipaka inapochorwa upya.

Hapa ndipo watu wengi wanapopotoka. Wanadhani kisanduku cha mahali ni maelekezo ya kumpa dereva wa tuktuk. Wanakiona kina majina yasiyofanana, Mombasa, Mombassa, Mvita, wanaona aibu, wanabonyeza kitufe cha kusanifisha. Kile kisanduku kimebeba ushahidi. Namna karani alivyoandika jina, na ngazi alizozitaja au kuziacha, ni sehemu ya kile unachokijua juu ya mtu huyo. Kusanifisha si dhambi pale programu inapoweka vyote viwili: FamilySearch, tovuti ya kutafuta ukoo, kwa mfano, huhifadhi maneno uliyoyaandika wewe, na pembeni huweka jina sanifu la kusaidia utafutaji. Hasara huja pale jina sanifu linapofuta la kwanza bila kuacha alama.

Gramps imekurahisishia kazi hii, ila lazima uitumie inavyotakiwa. Usiandike mstari mzima wenye mikato kama jina la mahali pamoja. Kila ngazi ni rekodi yake: Frere Town moja, Mombasa moja, Seyidie moja, Himaya moja. Frere Town iweke ndani ya Mombasa, na Seyidie ndani ya Himaya. Kisha fungua rekodi ya Mombasa, nenda kwenye kichupo kinachoonyesha mahali hapo pamo ndani ya wapi, ongeza Seyidie, ongeza Mkoa wa Pwani, ongeza Kaunti ya Mombasa, na kila kiungo ukipe tarehe zake. Kaunti huanza 2013. Usiyo na hakika nayo iandike "kabla ya" au "baada ya" mwaka fulani; Gramps inakubali. Ukimaliza, washa kwenye mapendeleo utungaji wa vichwa vya mahali wa moja kwa moja. Tukio la 1908 litajionyesha na Seyidie, na la 2015 na Kaunti, kwa rekodi ileile moja ya Frere Town. Mvita na Mombassa ziingie kama majina mbadala ya Mombasa, na tahajia ya daftari inakiliwe kama ilivyo kwenye maelezo ya chanzo.

Ukitia latitudo na longitudo, angalia alama. Fort Jesus ni -4.06, 39.68. Ukisahau ile alama ya kutoa, babu amezaliwa kusini mwa Ethiopia, si mbali na Moyale. Ukizigeuza namba mbili hizo, amezaliwa Hispania karibu na Toledo. Kwenye faili ya GEDCOM, ile ya kuhamishia ukoo kutoka programu moja hadi nyingine, huandikwa S4.06 na E39.68, na baadhi ya programu huiangusha ile S zinaposoma.

Sasa nirudi kwa kijana wako. Anachokiita kusafisha ni tafuta-na-badilisha. Ataamuru kila "Malindi" iwe Malindi ya Kilifi, na yule shangazi aliyezaliwa mtaa wa Malindi, Unguja, atakuwa amehamishwa nchi. Kisauni iko hapa na iko Unguja. Shela iko Lamu na iko Malindi. Majengo na Makadara ziko Mombasa na Nairobi. Kompyuta haiwezi kuzitenganisha, na yeye hajui kwamba zinahitaji kutenganishwa. Tena historia ya kutengua ya Gramps hufutika ukifunga programu, kwa hiyo utakapogundua kosa wiki ijayo hutakuwa na pa kurudi ila nakala ya akiba, kama ulikuwa nayo.

Wabaya zaidi ni wale wanaouza mti mzima wa ukoo, maana hao hujaza hata mahali ambapo hapakutajwa popote. Wanachotegemea ni nisba, yaani jina linalomtaja mtu kwa kundi lake au asili yake. Mzee akiitwa Mkilindini, wanamzalisha bandarini Kilindini. Mkilifi wanampeleka mji wa Kilifi, Mpate wanamvusha hadi kisiwani Pate. Hizo ni taifa, yaani koo kubwa, za Waswahili wa Mombasa: Wakilindini, Watangana na Wachangamwe ni Thelatha Taifa, na Wakilifi na Wapate wamo katika Tisa Taifa. Mkilifi anaweza kuwa amezaliwa Mji wa Kale, na baba yake na babu yake vilevile. Anayejiita Shirazi naye anaandikiwa "Shiraz, Iran" na tarehe juu yake, bila hata kipande cha karatasi. Taifa na nisba viwekwe kwenye sifa za mtu au sehemu ya jina. Mahali pa kuzaliwa, kama hapajulikani, paachwe patupu. Kama kinachojulikana ni Mombasa tu, andika Mombasa na uishie hapo. Usimchagulie marehemu mtaa.

Jambo moja kabla hujamtumia jamaa yeyote faili. Toa kwanza nakala ya akiba ya Gramps pamoja na picha zake, uiweke nje ya kompyuta hiyo. Kisha toa GEDCOM, uifungue kwa kihariri cha kawaida cha maandishi na utafute neno PLAC, alama ya mstari wa mahali. Humo ngazi zote huwa zimelazwa kwenye mstari mmoja, ndogo hadi kubwa, zikitengwa kwa mikato, na tarehe za viungo vyako hazimo. Soma mistari kama ishirini. Faili hiyo ikirudi kutoka kwa jamaa na mistari ya PLAC imebadilika, usiiingize juu ya mti wako. Ifungue kama mti wa peke yake, uchukue watu wapya kwa mkono, mmoja mmoja.