Amebaki kwa lipi, ataondoka kwa lipi?

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: "Kampuni kubwa inapopunguza wafanyakazi, kwa nini hata wasioguswa hukata tamaa na kuacha kuwaamini wakubwa, na kifanyike nini?" Kwa wanaoshughulika na mambo haya kila siku, iwe ofisi ya rasilimali watu au chama cha wafanyakazi, jibu linajulikana: imani huvunjwa na kipimo kilichofichwa. Aliyebaki bila kujua amebaki kwa lipi hawezi kujua ataondoka kwa lipi. Atafika kazini saa mbili kamili, atakaa kwenye kiti chake, na nusu ya siku ataimaliza akitafuta kazi kwingine.

Uharibifu mwingi hutokea kabla hata ya tangazo. Wakubwa hudhani siri iko salama kwa kuwa orodha imefungiwa kabatini. Mwenye macho haambiwi tazama. Mikataba iliyokuwa ikihuishwa kwa miaka 2 sasa inahuishwa kwa miezi 3. Nafasi ya aliyestaafu haijajazwa. Ovataimu imekatwa, chai ya saa nne iliyokuwa ya maziwa sasa ni ya rangi, na wageni wawili wenye kompyuta mpakato wanapita idara kwa idara wakiuliza kila mtu anafanya nini na kwa saa ngapi. Mhasibu wa mishahara ameombwa tarehe za kuajiriwa za watu wote. Jioni habari iko kwenye grupu la WhatsApp, na kesho yake imetiwa chumvi: waliosemwa ni 80 wamekuwa 300. Lisemwalo lipo, kama halipo laja.

Meneja akitamka wiki hiyo kwamba hakuna mpango wowote, halafu mpango ukatangazwa mwezi unaofuata, neno lake halitapokelewa tena hata siku atakaposema kweli. Kama hana ruhusa ya kueleza jambo, ataje siku atakayolieleza: "Bodi inakaa tarehe 14. Tarehe 17 saa tatu asubuhi nitawaambia kilichoamuliwa." Kisha siku hiyo asimame mbele yao, hata kama bodi haikuamua kitu.

Sheria zetu zimeliona hili. Tanzania, kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri atoe taarifa mara tu anapofikiria kupunguza watu, aweke wazi habari zote zinazohusika, na ashauriane na wafanyakazi kuhusu sababu, njia za kuepuka au kupunguza makali, namna ya kuchagua watu, muda, na kiinua mgongo. Wasipoelewana, jambo linakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kenya, kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinataka chama cha wafanyakazi na afisa wa leba waandikiwe angalau mwezi 1 kabla, wakielezwa sababu na ukubwa wa zoezi. Asiye na chama huandikiwa yeye mwenyewe. Uteuzi lazima uangalie muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na kutegemeka.

Kosa linalorudiwa ni kuitisha mashauriano wakati orodha imeshachapwa. Wajumbe wa tawi la chama cha wafanyakazi huling'amua kwa swali moja: "Tukileta njia ya kuokoa nafasi 10, orodha itabadilika?" Ukimya ukitanda mezani, habari hiyo inafika karakana kabla kikao hakijaisha. Na utaratibu una uzito wake mahakamani. Kenya Airways ilipunguza wafanyakazi karibu 600 mwaka 2012. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa iliondoa amri ya kuwarudisha kazini, ikakubali kwamba shirika lilikuwa na sababu ya kupunguza, lakini ikakuta dosari katika utaratibu uliofuatwa.

Sasa kipimo chenyewe, maana hapa ndipo roho ya jambo ilipo. Andika vigezo kwenye karatasi moja kabla jina lolote halijatajwa, uvipe alama, na ubandike karatasi hiyo ukutani. Mfano unaofanya kazi: ujuzi unaohitajika katika muundo mpya, alama 40, utendaji wa miaka 3 iliyopita, 30, muda wa utumishi, 20, rekodi ya nidhamu, 10. Makampuni hukwama kwenye utendaji. Kwa miaka mingi mameneja wamejaza fomu za tathmini kwa kuoneana haya, kila mtu "vizuri sana", na siku ya kupunguza watu fomu hizo haziwezi kumtenganisha yeyote na mwenzake. Ndipo baadhi huandika tathmini mpya harakaharaka ili zifanane na orodha iliyokwisha kuandaliwa. Mfanyakazi aliyepata 4 kati ya 5 mwezi Desemba akikuta ana 2 mwezi Machi, na hajawahi kupewa hata onyo la mdomo, atajua kilichotokea, na meza za jirani zitajua pia. Kama fomu za zamani hazifai, ni heri kusema hivyo waziwazi na kupunguza uzito wa kigezo hicho.

Mapungufu mengine matatu yanaonekana sana. Likizo ya uzazi au ya ugonjwa iliyoidhinishwa huhesabiwa kama utoro. Iondolewe kabisa kwenye hesabu. Nidhamu hupimwa kwa maneno ya korido. Ihesabiwe barua iliyo ndani ya faili tu, na isiyokwisha muda wake. Tatu, mtu hupimwa na bosi mmoja. Wapime wawili, kila mmoja peke yake, na wakipishana kwa zaidi ya alama 10 kati ya 100 warudi kusoma kigezo, kwa sababu kila mmoja amekielewa kivyake. Mwisho kila mtu aonyeshwe alama zake, aliyebaki pia, na apewe siku 5 za kazi kukata rufaa kwa mtu ambaye hakumpima.

Kuna sumu nyingine ambayo wakubwa wengi hawaioni kwa sababu haipiti ofisini kwao: SACCO. Katika kampuni yenye chama cha akiba na mikopo, wafanyakazi wamedhaminiana. Mkopo unakatwa kwenye mshahara, na mshahara ukikoma, akiba ya mkopaji inafidia deni, kisha kinachobaki kinawaangukia wadhamini. Chukua mkopo uliobaki wa shilingi 900,000, akiba ya 300,000 na wadhamini 3: kila mmoja anaweza kujikuta akikatwa 200,000 kwa deni la mwenzake aliyeondoka. Kwa hiyo tetesi zikianza, mtu humtazama jirani yake kama deni. Fomu za udhamini hazisainiwi tena, waliokuwa wakila pamoja wanaacha kula pamoja, na meneja anashangaa ushirikiano umekwenda wapi. Dawa yake si ngumu: kabla ya tangazo, uongozi ukae na SACCO na kuafikiana kwa maandishi ni kiasi gani cha malipo ya mwisho kitaelekezwa kwenye mkopo kwa ridhaa ya mkopaji, na muda wa kulipa utaongezwa kwa miezi mingapi. Siku ya tangazo, jambo hilo lisomwe mbele ya wote.

Kuhusu awamu: kata mara moja. Kampuni inayoondoa watu 50 mwezi Februari, 40 mwezi Mei na 60 mwezi Septemba imewafundisha waliobaki kusubiri zamu yao. Wa kwanza kuhama kwa hiari ni wale wenye soko, na hao ndio iliowataka wabaki. Haraka isiyo na hesabu nayo ni hatari. Novemba 2022 Twitter iliondoa karibu nusu ya wafanyakazi wake waliofikia takriban 7,500, na muda si muda baadhi wakaombwa warudi. Januari 2023 Google ilitangaza kupunguza watu wapatao 12,000, na wako waliojua kibarua kimeota nyasi pale akaunti zao za kazi zilipokataa kufunguka. Aliyebaki akiona hayo huacha kuamini hata kitambulisho chake cha mlangoni.

Siku yenyewe, basi, mtu aambiwe ana kwa ana na bosi wake wa karibu, mtu wa rasilimali watu akiwepo, mapema katika wiki ili apate pa kuuliza kesho yake. Apewe barua yenye sababu, alama zake, tarehe ya mwisho, na hesabu ya malipo mstari kwa mstari. Hesabu hii ndiyo huzua ugomvi mkubwa. Kenya, kiinua mgongo hakipungui mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Miaka 12 na miezi 11 inahesabiwa 12. Mshahara wa 60,000 ukigawanywa kwa siku 30, anapata 360,000. Ukigawanywa kwa siku 26 za kazi, anapata karibu 415,385. Tofauti ya 55,000 na ushei haiwezi kuachwa bila maelezo. Tanzania ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka, mwisho miaka 10: mwenye 780,000 kwa mwezi, akifanya kazi siku 6 kwa wiki, siku yake ni 30,000, mwaka mmoja 210,000, na kikomo 2,100,000. Likizo ambayo hakuichukua na notisi ni mistari mingine, visichanganywe humo.

Wafanyakazi nao wasingoje. Fununu ya kwanza ikisikika, chapa nyumbani mkataba wako, barua za kupandishwa cheo, salari slipu za miezi 12, salio la likizo na taarifa ya michango ya NSSF. Mfumo ukifungwa, kuvipata kunaweza kuchukua wiki nyingi. Faili za kampuni usiziguse. Hilo ni kosa la kufukuzisha kazi bila kiinua mgongo.

Wiki inayofuata, kila meneja akae na waliobaki, waorodheshe kazi zote zilizoachwa, na mbele ya kila moja waandike: inaendelea, inasimama, au inahamia kwa nani na kuanzia lini. Kama watu 20 kati ya 80 wameondoka na hakuna kazi hata moja iliyoandikwa "inasimama", karatasi hiyo irudi kwa mkurugenzi siku hiyohiyo, kwa sababu watu 60 wamepewa kazi ya 80 kwa mshahara uleule.