Futa hiyo rasimu saa hii, usiiposti

Wewe kijana wa Tudor, futa. Umesema umeenda kuangalia nyumba, keateka akakwambia landlodi ameagiza apangishiwe Mhindi tu, na sasa wataka kuandika kwa grupu la mtaa "hawa Wahindi wamezidi, wanatubagua kwetu", halafu watuuliza kama huo ni ubaguzi au ni kuzungumzia rangi tu. Ukauliza pia uripoti wapi, na ile pesa ya kuangalia nyumba utarudishiwa vipi. Hayo mawili nawaachia wengine, mimi nashika hilo la kwanza manake ndilo lililonila mimi.

Mimi ni fundi wa mageti. Kuna tajiri mmoja wa Kihindi nilimfanyia geti na grili za nyumba nzima, tukapatana bei, nikamaliza, akanilipa nusu akasema kazi ya watu kama nyinyi bei yake ndo hiyo. Fundi Mhindi mwenziwe aliyefanya ngazi pale pale alilipwa yote bila kelele. Ushahidi nilikuwa nao, meseji za bei, picha za kazi, na yule fundi mwenyewe alikubali kusema alilipwa ngapi. Kesi nzuri kabisa, nikakitia kitumbua mchanga kwa mkono wangu.

Sikuanza mimi lakini, nilishauriwa! Nina rafiki, msomi wa semina, hakosi pale penye chai ya bure, akanambia bwana rekodi voisi, taja kabila lao, mtu mweusi hawezi kuwa mbaguzi kwa sababu hana mamlaka. Mimi nikaona hii ndo dawa, nikarekodi usiku nina hasira na sijala, ati Wahindi wote ni wezi, wanatunyonya tangu reli, warudi kwao Bombay. Warudi Bombay! Watu babu zao wamezikwa hapa hapa Mombasa, na wale vibarua waliojenga hiyo reli 1896 mpaka 1901 wamekufa kwa maelfu, sasa hao walimnyonya nani?

Asubuhi voisi imeshafika Kongowea na Likoni kwa watu hata namba zao sina. Hakuna hata mmoja aliyeuliza pesa zangu ziko wapi. Tajiri aliyenidhulumu akageuka yeye ndo mdhulumiwa, kila akija mtu yuamchezea voisi yangu. Yule fundi shahidi wangu, kwani si nimemtukana na yeye? Akazima simu. Hayo yote ningevumilia. Lililoniuma ni mzee mmoja wa hadwea, Mhindi wa Kibohora, aliyekuwa akinikopesha vyuma tangu mimi kibarua, bila karatasi, ni daftari lake tu na neno langu. Nikaingia dukani, wala hakunigombeza. "Fundi, leo ni kashi." Na ni kashi mpaka leo. Fundi wa geti asiye na wa kumkopesha vyuma ni mtu mwenye mashine ya kuchomelea na hadithi nyingi, kazi kubwa zote zanipita manake mteja hutoa dipoziti ya kununua rangi tu.

Na yule mshauri wangu? Yuaniambia historia itanitetea. Historia hailipi kodi ya karakana bwana! Tena huyo huyo wa "hatuna mamlaka" ana vyumba vyake Kisauni na hampangishi Mkamba wala Mjaluo, ati wabara wana fujo. Sasa Mkamba amesimama pale nje na mkoba wake, mwenye mamlaka ni nani kama si mwenye funguo?

Kwa hivyo shika hili moja: sema kilichotendwa na nani amekitenda. Rangi au kabila utaje pale tu ambapo ndicho kitu ulichonyimiwa haki yako. "Landlodi wa nyumba fulani ameagiza apangishiwe Mhindi tu", hapo umezungumzia rangi na ni lazima uitaje, ukiificha umemfichia yeye. Ukiongeza "ndivyo walivyo" umeshahama, si yeye tena, ni wewe.

Na wale wa "tusitaje rangi kabisa, sote Wakenya" pia waniudhi. Mkoloni aligawa watu kwa rangi makusudi, shule mbali, hospitali mbali, Mhindi na Mwarabu kila mmoja na viti vyake Legislative Council, lile baraza la mkoloni la kutunga sheria, Mwafrika akaachiwa kodi ya kibanda na kipande shingoni. Maskwota wa huku kwetu utawaelezaje bila kutaja ile sheria ya hati za ardhi ya 1908 na ni nani aliyepata kuandikisha na Mmijikenda gani akabaki bila hati? Yaseme yote, na miaka yake. Lakini usitoke hapo ukamwendea muuza kanga wa Biashara Street ukamwambia arudishe shamba.

Kama waona ni maneno tu, uliza watu wazima wa Likoni kuhusu Agosti 1997, watu wa bara walipouawa na kufukuzwa, "wabara warudi kwao" pia ilikuwa maneno. Na kuna ile sheria ya utangamano ya 2008, kifungu cha 13 cha matamshi ya chuki, faini mpaka milioni 1 au jela mpaka miaka 3 au vyote viwili, na wewe hapo pesa ya kuangalia nyumba tu yakuliza. Halafu Katiba kifungu cha 27 chamkataza hata mtu binafsi, si serikali peke yake, kumbagua mwenziwe kwa rangi au kabila. Yaani kesi unayo!

(Kabla hamjaniuliza kama nina marafiki Wahindi, ndio ninao, wengine hawashiki simu.)

Andika upya. Tarehe, nyumba gani, nani aliagiza, keateka alisema nini neno kwa neno, na mwambie akutumie kwa meseji kabla hajaruka maneno yake. Voisi usirekodi kabisa. Ukimaliza ilete hapa tuione kwanza, na nikikuta "hawa watu" mahali popote nairudisha.