Ukitaka kuandika tasnifu kuhusu Iran, anza na jalada moja

Kila ikifika miezi ya kuandaa mapendekezo ya utafiti, wanafunzi wa historia na uhusiano wa kimataifa huniletea mada zao. Nyingi zinafanana: "Uhusiano wa Iran na Marekani tangu 1945 hadi leo", "Utamaduni wa Waajemi na mchango wake duniani". Ndugu zangu, hizo ni kazi za profesa mstaafu. Wewe una mihula miwili, bando la intaneti na msimamizi mwenye wanafunzi wengine lukuki.

Mimi niliandika kuhusu kesi ya mafuta ya Iran, na sababu ya kuichagua haikuwa kubwa: hukumu yake ilipatikana bure na ningeweza kuisoma yote. Huo ndio ushauri wangu. Usichague mada kwanza halafu uanze kuhangaika na nyaraka. Tafuta nyaraka unazoweza kuzifungua hapo ulipo, zisome, na swali utalikuta humo humo.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Machi 1951 bunge la Iran lilipitisha mafuta yataifishwe kutoka kwa kampuni ya Kiingereza ya Anglo-Iranian, na mwezi uliofuata Mohammad Mosaddegh akawa waziri mkuu. Uingereza ikaenda The Hague kushtaki, ikidai kwamba mkataba wa 1933 baina ya kampuni na serikali ya Iran ulikuwa pia makubaliano baina ya nchi mbili. Tarehe 22 Julai 1952 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikatamka kuwa haina mamlaka ya kuisikiliza kesi hiyo, kwa kura 9 dhidi ya 5. Miongoni mwa wale tisa alikuwemo Arnold McNair, Mwingereza, ambaye ndiye aliyekuwa rais wa mahakama, ingawa katika kesi hii kiti alikikalia makamu wake. Nilipofika hapo niliiacha hukumu nikaenda kusoma maoni yake binafsi, maana jaji anayepiga kura kinyume na dai la nchi yake hakosi la kusema. Tena ndani ya hukumu hiyo utawakuta majaji wakiipima sheria ya Iran ya 1931, iliyoandikwa kwa Kiajemi, ili wajue Iran ilikubali kushtakiwa kwa mikataba ipi. Waingereza walidai nini, Wairani walijibu nini, majaji waliegemea wapi: hapo tayari pana tasnifu nzima, na hujagusa bado mapinduzi ya 1953.

Ukiyataka hayo mapinduzi, njia ipo. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani huchapisha nyaraka zake za kidiplomasia juzuu kwa juzuu, na zinasomeka mtandaoni bila malipo. Juzuu ya Iran ya miaka hiyo ilitoka 1989 bila kutaja mkono wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, katika kumwangusha Mosaddegh. Wanahistoria walikuja juu, na mwaka 1991 ikatungwa sheria ya kuitaka wizara itoe kumbukumbu zilizo kamili. Juzuu nyingine ya kipindi kile kile ikatoka 2017. Ziweke mbili hizo kando kwa kando, chukua wiki ile ya katikati ya Agosti 1953 peke yake, uone nini kilikuwa kimefichwa. Nauli ya Washington haihitajiki. Ila kila telegramu ya balozi jiulize anamwandikia nani na anataka nini kwa huyo anayemwandikia. Mabalozi nao walikuwa na mabosi wa kuwaridhisha.

Sasa suala la lugha. Tuliopita madrasa tunazitambua herufi za Kiajemi, pamoja na zile nne walizoongeza wenyewe kwa ajili ya p, ch, zh na g. Usijidanganye kwamba kusoma ni kuelewa. Andika wazi katika sura ya mbinu za utafiti kwamba unategemea tafsiri. Hata hivyo ujuzi huo mdogo utakusaidia kutambua jina la mtu, kichwa cha gazeti kama Ettela'at, na tarehe.

Tarehe ndizo zenye mtego. Wairani, kwa kalenda yao, huyaita mapinduzi yale 28 Mordad, mwaka 1332. Ongeza 621 unapata 1953, na siku yenyewe ni 19 Agosti. Lakini 29 Esfand 1329, siku mafuta yalipotaifishwa, ni 20 Machi 1951, kwa hiyo unaongeza 622, kwa kuwa mwaka wao huanza Machi na Esfand ndio mwezi wa mwisho. Na ukikutana na gazeti lenye mwaka 2535, si kosa la mpiga chapa: mwaka 1976 Shah, yaani mfalme wa Iran, aliamuru miaka ihesabiwe tangu enzi ya Cyrus, mfalme wa kale wa Uajemi, na amri hiyo ikafutwa 1978. Weka safu mbili za tarehe kwenye daftari lako tangu siku ya kwanza.

Wasimamizi wetu wengi watakusukuma kwa Washirazi wa pwani. Mada ni tamu, lakini masimulizi ya Kilwa yaliandikwa muda mrefu baada ya mambo yanayosimuliwa, na hoja mpya zinatoka kwa wanaakiolojia na maabara, kama ule utafiti wa DNA ya kale wa 2023 uliokuta nasaba ya Kiajemi kwa upande wa wanaume. Mwanafunzi wa nyaraka ataishia kuwanukuu wengine.

Kama unataka Iran na sisi kwa pamoja, fungua Qatar Digital Library utafute majalada ya ubalozi mdogo wa Waingereza wa Bushehr, bandari ya Iran. Humo kuna maelezo ya watumwa walioomba hati za uhuru katika Ghuba, na wengine wao wametaja Zanzibar au Uswahilini kuwa ndiko walikotoka. Iran yenyewe ilipiga marufuku utumwa kwa sheria ya 1929. Kila maelezo ni mafupi: jina, umri, alikozaliwa, alivyouzwa, bwana wake. Aliyeandika ni karani, si msimuliaji, kwa hiyo kabla ya lolote orodhesha maswali ambayo karani alimuuliza kila mtu, na yale ambayo hakuuliza hata mara moja.