Dada, miche yangu imelala, nimwagie dawa gani?

Ujumbe uliingia Jumatano usiku, nikiwa naosha vyombo. Kijana wa Magu, simjui kwa sura. Anasema: "Dada shikamoo. Miche yangu ya nyanya ina siku 11. Jana ilikuwa imesimama vizuri, leo asubuhi nusu ya tuta imelala. Nimwagie dawa gani?" Chini yake kaweka picha tatu. Ya kwanza ilinitosha.

Shina, pale linapogusana na udongo, lilikuwa limesinyaa likawa kama uzi wa kushonea, limelegea, lina rangi ya majimaji. Vijani vya juu bado vya kijani kabisa, kama havina habari kwamba huku chini mambo yamekwisha. Niliikodolea macho mpaka maji ya vyombo yakapoa. Miche ya namna ile nimeifukia kwa mikono yangu mwenyewe.

Nikamjibu: mdogo wangu, mche uliolala haunyanyuki. Dawa za ukungu zipo, ila kazi yake ni kukinga ile iliyobaki imesimama. Hebu niambie kwanza, unamwagilia mara ngapi kwa siku? Akajibu kwa fahari: "Mara tatu dada, sijawahi kuruka hata siku moja."

Haya. Ndiyo maana leo naandika.

Mimi nilikuwa mtu wa dagaa, pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza. Anayejua dagaa anajua kalenda yake: giza likiingia unapata hela, mbalamwezi ikitoka unakaa kitako unahesabu madeni. Mwaka 2019, kwenye mbalamwezi moja ndefu kuliko zote, nilikaa nikapiga hesabu ya nyanya nyuma ya kalenda ya ukutani. Ekari moja miche elfu kumi, kila mche kilo kadhaa, tenga shilingi kadhaa, zidisha. Na wewe unayesoma hapa hesabu hiyo unayo kwenye daftari, usijifanye. Hata nyumba nilikuwa nimeshaipaka rangi.

Kitalu changu cha kwanza nilikiweka Kayenze, hatua chache tu kutoka ziwani, nisipate tabu ya kubeba ndoo. Mbegu nilizimwaga pakiti nzima kwenye tuta moja, kwa sababu zilikuwa ghali na sikutaka hata moja ipotee. Tuta likakaa chini ya mwembe, na juu yake nikaongeza chanja ya nyasi nzito. Asubuhi maji, mchana maji, jioni maji. Siku ya nane palikuwa zulia. Nikaita watu waje waone, na shemeji yangu naye akaja.

Siku ya kumi miche ikaanza kuanguka kwa viraka vya duara, kama kichwa cha mtoto mwenye mapunye. Nikadhani ina kiu. Nikaongeza maji! Nikakimbilia duka moja la pembejeo, silitaji, nikaeleza vizuri kabisa tatizo langu, wakaniuzia dawa ya wadudu. Ya wadudu, jamani, kwa ugonjwa wa ukungu. Hela ile ilikuwa ya ada ya mwanangu. Baada ya siku nne tuta lilikuwa udongo mtupu, na shemeji alipopita akauliza kwa sauti ya watu wote kusikia: "Shemeji, hii ni bustani au makaburi?"

Walicheka. Leo shemeji huyohuyo ananunua miche kwangu kila msimu, na hajawahi kusema pole. Namuuzia bei ya kila mtu, simpunguzii hata mia.

Ugonjwa wenyewe mabwana shamba wanauita kinyausi. Vimelea vyake vimo ardhini siku zote, havitoki kwa mchawi wala kwa jirani. Vinangoja vitu vitatu: udongo ulioloa muda wote, miche iliyobanana, na kivuli kisicho na hewa. Mimi nilivipa vyote vitatu, kwa mapenzi, kila siku mara tatu.

Mwaka 2020 sikulaumu maji ya ndoo, maana ziwa lenyewe lilikuja. Mliokuwa ufukweni mnakumbuka, kufikia Mei mwaka ule Ziwa Viktoria lilipanda kuliko lilivyowahi kupimwa kabla ya hapo. Tuta langu la pili lililala chini ya maji pamoja na chanja yake. Hapo ndipo mzee mmoja wa mtaa akanikumbusha kwamba hata sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kwenye maji. Nikapanda huku juu kwenye mawe. Mwaka uliofuata nauruka, nilirudi kwenye dagaa.

Nililoliona aibu zaidi ni la 2022, na sijawahi kulisema hadharani. Kinyausi nilikuwa nimekishinda, miche ikawa mizuri, mifupi, shina nene, naipiga picha. Nikamuuzia mama mmoja wa Igombe miche 1,500. Ikashika vizuri. Ilipoanza kutoa maua akanipigia: "Mwanangu, nyanya zinanyauka mchana, na majani ni mabichi." Nikaenda. Nikakata shina moja karibu na ardhi, nikaomba glasi ya maji safi, nikalichovya ncha yake na kulishikilia bila kulitikisa. Dakika chache tu, kikatoka kama uzi wa maziwa, kinashuka polepole ndani ya maji. Huo ni mnyauko wa bakteria. Ukiuona uzi ule, ng'oa, hakuna la kupuliza.

Mama akanitazama. Nilijua ulikotoka. Udongo wa kujazia trei za kuoteshea miche nilikuwa nimeuchota kwenye shamba la mtu lililokuwa na nyanya msimu uliopita, kwa sababu lilikuwa karibu na toroli lilikuwa bovu. Nilimrudishia hela yake yote kwa awamu tatu. Bado ni mteja wangu, lakini kila akija kuchukua miche anauliza, "Udongo wa wapi huu?" na ana haki.

Sasa nafanyaje? Udongo nautoa mahali ambapo hapajalimwa nyanya, biringanya, pilipili wala viazi mviringo, maana hao ni ukoo mmoja na wanaambukizana. Nauchekecha, nauchanganya na samadi iliyooza mpaka haina harufu, na pumba za mpunga zilizochomwa zikawa nyeusi, ambazo kwetu huku hazina shida. Mchanganyiko naulowesha, naufunika na nailoni angavu juani wiki nne mpaka sita, joto linaua vimelea vingi. Kisha ndio trei. Kama huna trei, tuta la upana wa mita moja linatosha, mistari iachane sentimita 10 hadi 15, mbegu ishuke kama sentimita moja, usirundike. Nyasi za kufunikia ziondoe siku ileile unayoona vichwa vinachomoza. Ukichelewa siku mbili tu miche inarefuka, inapauka, inakuwa kama mtoto aliyelelewa gizani.

Halafu maji. Mara moja, asubuhi. Ingiza kidole kwenye udongo, ukitoka na unyevu, weka ndoo chini. Nasema tena: mara moja, asubuhi, na kidole kwanza.

Kuna jambo ziwa lilinifundisha bila kukusudia. Kule juu kwenye mawe, upepo wa mchana unaotoka ziwani unaitikisa miche saa nyingi. Nikaona ile ya pembeni, inayopigwa zaidi, ndiyo mifupi na minene kuliko ya katikati. Kumbe mche ukitikiswa unajijenga. Siku hizi ile ya katikati naipapasa kwa kiganja mara chache kila siku, taratibu, kama unavyopapasa manyoya ya paka. Mikono nimenawa kwa sabuni, na mvuta sigara haruhusiwi kugusa, kwa sababu tumbaku inabeba virusi vya nyanya. Kijana wangu wa kazi alinuna, lakini sasa ananawa.

Mche ukifika wiki nne hivi, una majani kamili manne au matano na shina linakaribia unene wa penseli, hapo unauonyesha maisha. Wiki ya mwisho napunguza maji, naondoa kivuli kidogo kidogo. Unasinyaa mchana, jioni unainuka. Huo ndio unaohimili jua la shambani. Ukiupanda, upande jioni, na shina lizame kidogo ardhini kwa sababu litaota mizizi hapo.

Vijana wangu, tusidanganyane. Mnanitumia hesabu za tenga mia tatu, lakini hakuna aliyewahi kunitumia picha ya mizizi. Mnauliza bei ya mbegu ya chotara, hamuulizi udongo. Mtu anakwenda kukopa, anachimba kisima, ananunua pampu, halafu miche anainunua njiani kwa sababu imesimama na ina rangi. Nilikuwa hivyo mimi. Shikeni mche mmoja, chomoeni, angalieni mizizi kama ni myeupe na mingi. Asiyewaruhusu kuchomoa mmoja, msinunue kwake. Hata kwangu.

Kesho alfajiri zinaondoka trei 50 za mteja wa Sengerema, anazipitisha daraja jipya la Busisi. Hazijaonja maji tangu jana asubuhi, nitazilowesha dakika za mwisho kabla ya kupakia. Mchana wa leo zilikuwa zimeinamisha vichwa, na kijana wa kazi alinifuata mara mbili na ndoo mkononi, uso umemshuka: "Mama, zitakufa hizi." Nimemwambia maji hayo akamwagie mchicha.